Wanawake Watangulizi katika Uandishi wa Magazeti Upande wa Ziwa: Suala la Lugha

Utangulizi

Historia ya magazeti katika Afrika ya Mashariki kwa kawaida huandikwa kwa kufuata majina ya magazeti yenyewe na majina ya wahariri wake. Huanza na Msimulizi, lililotolewa na wamisheni wa Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Ikapitia Habari za Mwezi la Magila na Kiongozi la Tanga. Ikafika kwenye Mambo Leo lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, Baraza lililoanza Nairobi mwaka 1939, na Taifa la mwaka 1958. Katika orodha hiyo jina la mwanamke ni adimu mno. Hata Taifa, ambalo baadaye lilizaa Taifa Leo, hutajwa zaidi kwa jina la Charles Hayes, ilhali Hayes alilianzisha akishirikiana na mwanamke, Althea Tebbutt. Kwa hiyo ni rahisi kwa msomaji wa historia hiyo kuamua kwamba wanawake hawakuwa na sehemu yoyote katika magazeti mpaka vyuo vya uandishi wa habari vilipoanza kuwapokea.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kasoro imo katika orodha yenyewe, na kwamba kasoro hiyo ni ya lugha kabla ya kuwa ya kitu kingine chochote. Eneo linalochunguzwa ni upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, yaani Kisumu na nchi inayoizunguka Ghuba ya Winam, na mfano mkuu ni Grace Ogot. Katika eneo hilo mwanamke aliingia gazetini akitokea katika kazi ya sauti, na lugha iliyompatia safu ya gazeti haikuwa ile iliyompatia wasikilizaji. Anayehesabu kurasa zilizopigwa chapa peke yake huona nusu ya kazi yake, tena nusu iliyo mbali zaidi na watu wa kwao.

Sondu na hadhira ya gazeti

Ili tatizo hilo lieleweke vizuri, yafaa kutazama mahali kama Sondu. Mji huu umekaa kando ya mto wenye jina hilohilo, ambao pia huitwa Miriu, utokao katika misitu ya Mau na kuingia katika Ghuba ya Winam. Upande mmoja ni Nyakach, kunakosemwa Kidholuo. Upande wa pili huanza nchi ya Wakipsigis. Nao Wagusii hawako mbali. Kidholuo ni lugha ya Kiniloti ya Magharibi, Kikipsigis ni ya Kiniloti ya Kusini, na Ekegusii ni lugha ya Kibantu. Hizo mbili za kwanza, japokuwa wataalamu huziweka katika ukoo mmoja, zimeachana kiasi cha kwamba msemaji wa moja hafahamu nyingine asipojifunza. Siku ya soko, bei ya ng'ombe, ya mahindi na ya samaki hupatanwa kwa Kiswahili pale ambapo mnunuzi na muuzaji hawana lugha nyingine ya pamoja.

Gazeti linalofika mahali kama hapo hukutana na hadhira iliyogawanyika. Likiwa la Kidholuo, litafahamika upande mmoja wa mto. Likiwa la Kiingereza, litasomwa na walimu, makarani na wauguzi, kisha litafungiwa sukari. Likiwa la Kiswahili, litawafikia watu wengi zaidi, lakini kwa sharti la kusomwa kwa sauti, kwa kuwa wanaofahamu Kiswahili cha sokoni si lazima wawe wanaweza kukisoma kitabuni. Desturi ya mtu mmoja kusoma gazeti na wengine kusikiliza ilienea kotekote katika Afrika ya Mashariki, na katika soko ambalo wauzaji wengi ni wanawake si ajabu kusema kwamba mwanamke alikuwa msikilizaji wa gazeti muda mrefu kabla ya kuwa msomaji wake. Wala jambo hili si la nadharia tupu. Mpaka huo ulishuhudia mapigano mwaka 1992 na tena mwaka 2023. Na nyakati za namna hiyo habari husafiri upande huu wa mto kwa lugha moja na upande ule kwa lugha nyingine, na ni nadra zikafanana.

Upande wa Kidholuo ulikuwa na magazeti yake. Maarufu zaidi ni Ramogi, lililoanzishwa na Achieng Oneko katika miaka ya 1940, wakati ambapo Oginga Odinga naye alikuwa akijenga shirika lake la biashara, Luo Thrift and Trading Corporation, na akitambua kwamba biashara na siasa zote zilihitaji mtambo wa kupigia chapa. Lakini hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Oneko alikuwa miongoni mwa waliokamatwa mwanzoni na kufikishwa mahakamani Kapenguria, na magazeti mengi ya lugha za Kiafrika nchini Kenya yakafungwa. Hakurudi kutoka kizuizini mpaka mwaka 1961. Miaka hiyo ndiyo hasa ambayo wasichana wa kwanza wa Nyanza waliosoma hadi shule za sekondari walikuwa wakiingia kazini. Hawakukuta uwanja mpana wa magazeti ya lugha yao uliokuwa ukiwangoja. Walikuta redio, na walikuta magazeti ya Kiingereza ya Nairobi.

Jina la mwandishi na sarufi ya lugha

Hapa pana jambo dogo la sarufi ambalo wanahistoria wa magazeti hawalitilii maanani ipasavyo. Kiswahili hakina jinsia katika nomino wala katika viambishi vya nafsi. Neno mwandishi, kama mhariri au mtangazaji, halielezi kama mhusika ni mwanamume au mwanamke. Na kitenzi aliandika hakiongezi habari yoyote. Magazeti ya Kiswahili yalipozoea kuweka chini ya kichwa cha habari maneno "Na Mwandishi Wetu", yalificha jina. Na kwa kuwa lugha yenyewe haidokezi jinsia, kila ishara ikatoweka. Mtafiti anayehesabu wanawake katika gazeti la Kiswahili hana budi kukumbuka kwamba sifuri anayoipata si lazima iwe sifuri ya kweli.

Kidholuo nacho huunda jina la mtendaji kwa kiambishi ja-, na wingi wake jo-, bila kutofautisha jinsia. Lakini majina ya watu ni habari nyingine. Mtoto aliyezaliwa asubuhi huitwa Akinyi akiwa wa kike na Okinyi akiwa wa kiume. Wa jioni huitwa Adhiambo au Odhiambo. Wa mchana, jua likiwa kali, huitwa Achieng au Ochieng. Irabu moja mwanzoni mwa jina yatosha kumjulisha Mluo kwamba makala anayoyasoma yameandikwa na mwanamke. (Kanuni ina watu wanaoivunja, na mmoja wao ni mwanzilishi wa Ramogi mwenyewe, mwanamume aliyeitwa Achieng maisha yake yote.) Basi itazamwe hali ya Grace Emily Akinyi, aliyeolewa mwaka 1959 na mwanahistoria Bethwell Allan Ogot. Katika kurasa za Kiingereza aliitwa Grace Ogot, na mara nyingine Grace A. Ogot. Jina lililomtambulisha kuwa mwanamke kwa Wazungu lilikuwa Grace. Lile lililomtambulisha hivyo kwa Waluo lilibaki kuwa herufi moja, au likaachwa kabisa.

Grace Ogot: kutoka hospitali hadi safu ya gazeti

Grace Ogot alizaliwa tarehe 15 Mei 1930 katika jamaa ya Asembo, ng'ambo ya ghuba ukitazama kutoka upande wa Nyakach. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa miongoni mwa wanaume wa mwanzo wa Asembo kupata elimu ya shule, na alifundisha katika shule ya wasichana ya Ng'iya iliyokuwa chini ya misheni ya Kianglikana. Bibi yake alimsimulia hadithi za kale. Habari hizi mbili hurudiwa na kila aliyeandika juu yake, na kwa mara hii wanaorudia wana haki: kazi zake zote zinaonyesha mvutano kati ya darasa la misheni na hadithi za jioni.

Alisoma Ng'iya na Butere, kisha akajifunza uuguzi Mengo, Uganda, kuanzia mwaka 1949 hadi 1953, na baadaye ukunga mjini London. Mtu aweza kuuliza uuguzi unahusiana nini na magazeti. Unahusiana sana. Serikali ya kikoloni na misheni zilimwekea msichana aliyesoma milango miwili, ualimu na uuguzi, na mlango wa uandishi haukuwapo hata kwa jina. Mafunzo ya waandishi wa habari wa Kiafrika ya International Press Institute yalianza Nairobi mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shule yake ya uandishi wa habari mwaka 1970. Kabla ya hapo mwanamke aliyetaka kuandika alilazimika kuingia kwa mlango wa kazi nyingine. Tena muuguzi wa Maseno au Mengo alikuwa mfasiri kila siku: daktari alisema Kiingereza, mgonjwa alisema Kidholuo au Kiganda, na kosa la kutafsiri liliweza kuua mtu. Ni vigumu kufikiria shule bora zaidi ya kumfundisha mwandishi kusema jambo gumu kwa maneno yanayoeleweka mara moja.

Alipokuwa London alifanya kazi katika BBC akiwa mwandishi wa miswada na mtangazaji katika kipindi cha London Calling East and Central Africa. Kazi hiyo ilikuwa ya uandishi wa habari kamili, yenye saa ya mwisho ya kukabidhi mswada na mhariri mwenye kalamu nyekundu. Aliporudi Kenya alikuwa afisa wa maendeleo ya jamii Kisumu, kazi ya kukusanya wanawake na kuzungumza nao; akaendesha kipindi cha kila juma cha redio kwa Kidholuo, kilichopendwa sana; na akaandika safu iliyoitwa View Point katika East African Standard.

Mahali pa safu hiyo pafaa kuzingatiwa. East African Standard lilianza Mombasa mwaka 1902, likianzishwa na A. M. Jeevanjee, likahamia Nairobi mwaka 1910, na kwa miaka mingi lilikuwa sauti ya walowezi. Kwa mwanamke wa Kiafrika kupewa humo safu ya maoni, wala si ukurasa wa mapishi na malezi, lilikuwa badiliko kubwa kuliko linavyoonekana leo. Pamoja na hayo, wasomaji wa safu hiyo walikuwa Wazungu, Waasia na Waafrika wachache waliosoma. Mwanamke muuza samaki wa Sondu hakuisoma. Alichoweza kukifahamu, kama alikuwa msemaji wa Kidholuo na palikuwa na redio karibu, ni kile kipindi cha juma.

Sababu za Kidholuo kushika nguvu katika redio

Wengi wameeleza jambo hili kwa sababu za siasa na za uchumi: karatasi ni ghali, wasomaji ni wachache, serikali ina wasiwasi. Sababu hizo ni za kweli, lakini ipo nyingine ya kiisimu. Kidholuo ni lugha ya toni, na toni hiyo haitofautishi maneno ya msamiati peke yake. Hutofautisha pia hali ya kitenzi, kama tendo limekamilika au linaendelea. Zaidi ya hayo irabu zake zimegawanyika katika mafungu mawili kwa namna mzizi wa ulimi unavyowekwa, ingawa maandishi ya kawaida yana herufi tano tu za irabu, zilezile za Kiswahili. Maandishi yaliyorithiwa kutoka kwa wamisheni hayaonyeshi toni wala mafungu hayo. Msomaji stadi hujaza mapengo kwa kufuata muktadha, kama afanyavyo msomaji wa Kiarabu kisicho na irabu. Msomaji asiye stadi hukwama, hurudi nyuma, kisha huliweka gazeti chini.

Kiswahili hakina shida hiyo. Kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na gazeti lake husomeka kwa sauti bila kusita. Kidholuo kikitangazwa redioni hupata tena kila kitu ambacho tahajia imekinyima. Kwa sababu hiyo mtangazaji wa Kidholuo hakuwa akifanya kazi pungufu kuliko ya mwandishi wa gazeti la Kidholuo. Alikuwa akiitumia lugha ikiwa kamili.

Mbinu nazo zilitofautiana. Safu ya gazeti hupimwa kwa inchi. Mwandishi hubana, huamini kwamba msomaji asiyeelewa sentensi ataisoma tena. Mswada wa redio hauna ruhusa hiyo. Sentensi ikishapita imepita, hivyo mwandishi hurudia jambo kwa maneno mengine, huita msikilizaji, hutanguliza kinachojulikana kabla ya kigeni. Hizo ndizo desturi za msimulizi wa hadithi. Wahakiki waliozoea kusoma hadithi za Kiingereza za Grace Ogot wamelaumu mara nyingine urudiaji wake na usahili wa sentensi zake, kana kwamba ni upungufu wa Kiingereza. Lawama hiyo haina msingi imara. Anayekumbuka kwamba mwandishi huyu alijifunza kazi mbele ya maikrofoni ataona humo alama za ufundi uliokusudiwa sikio.

Hadithi yake inayojulikana zaidi, iliyochapishwa mwaka 1963 katika jarida la Black Orpheus la Nigeria na ambayo baadaye ilipewa jina la "The Rain Came", inasimulia juu ya binti wa mtemi anayetolewa kafara ili mvua inyeshe. Kabla ya hapo alikuwa amezipeleka hadithi zake kwa East African Literature Bureau. Kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, hawakuweza kuelewa jinsi mwanamke Mkristo awezavyo kuandika mambo ya kafara na uganga badala ya wokovu. Tukio hilo husimuliwa sana kuwa mfano wa ugumu wa wachapishaji wa wakati wa ukoloni, na ndivyo lilivyo. Lakini lina upande mwingine: lile ambalo mhariri alilikataa katika karatasi lingesimuliwa jikoni Asembo bila mtu yeyote kushtuka.

Mifano ya jirani

Njia hii haikuwa ya Grace Ogot peke yake. Barbara Kimenye, aliyezaliwa Uingereza na kuhamia Uganda katika miaka ya 1950, naye alikuwa amesomea uuguzi London. Akaandikia Uganda Nation, kisha akahamia Nairobi na kuandikia magazeti ya huko, huku vitabu vyake kama Kalasanda (1965) vikimpa jina ambalo magazeti hayakumpa. Huko Gold Coast, Mabel Dove alikuwa ametangulia kwa muda mrefu. Mwaka 1931 alianza safu ya wanawake katika Times of West Africa, lakini kwa jina la kubuni, Marjorie Mensah. Mwaka 1954 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Grace Ogot naye aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 1983, akashinda kiti cha Gem katika uchaguzi mdogo wa mwaka 1985, na akawa waziri msaidizi. Wote wawili safu ya gazeti iliwafikisha bungeni. Tofauti ni kwamba mmoja aliandika chini ya jina lisilo lake, na mwingine chini ya jina lake halisi lakini katika lugha isiyo yake.

Kwa upande wa Kiswahili, mfano wenye mafunzo zaidi uko Tanzania. Waandishi wa habari wanawake, miongoni mwao Fatma Alloo, Edda Sanga na Leila Sheikh, waliunda chama chao, TAMWA, mwaka 1987, na kutoa jarida liitwalo Sauti ya Siti. Walipotafuta jina la jarida la kupigwa chapa hawakuchagua jina la mwandishi. Walichagua la Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na ambaye nyimbo zake zilibeba habari za mitaani, mashauri ya mahakamani na maonevu waliyotendewa wanawake. Yaani wanahabari wenyewe, walipoulizana nani alikuwa mtangulizi wao, walimtaja mtu wa sauti. Wanahistoria wa magazeti wangefanya vema kuufuata uamuzi huo kwa dhati kuliko wanavyofanya sasa.

Kurudi kwenye Kidholuo

Katika miaka ya 1980 mwelekeo ulibadilika. Grace Ogot, baada ya riwaya na hadithi nyingi za Kiingereza, tangu The Promised Land ya mwaka 1966, alichapisha vitabu kadhaa kwa Kidholuo, vikiwamo Ber Wat na Aloo kod Apul-Apul mwaka 1981, na Miaha mwaka 1983. Mwaka 1982 Asenath Bole Odaga, mwalimu na mtafiti wa fasihi simulizi kutoka Rarieda, alianzisha Kisumu kampuni ya uchapishaji, Lake Publishers and Enterprises. Hatua hii ya pili ndiyo nzito zaidi kwa maoni ya makala haya. Mwandishi huweza kuandika kwa lugha yake na bado akategemea wahariri wa Nairobi. Mwenye kampuni ya uchapishaji huamua mwenyewe kipi kitoke, kwa lugha gani, na kwa tahajia ipi. Odaga alitoa pia kamusi ya Kidholuo na Kiingereza, kazi ambayo kila mwandishi wa lugha hiyo anaihitaji mezani.

Miaha ilitafsiriwa kwa Kiingereza na mwanaisimu Okoth Okombo, ikatoka mwaka 1989 kwa jina la The Strange Bride. Kwa mara hii Kidholuo kilikuwa asili na Kiingereza kikawa tafsiri, kinyume cha kazi ambayo muuguzi wa Maseno aliifanya kila asubuhi kando ya kitanda cha mgonjwa. Grace Ogot alifariki tarehe 18 Machi 2015. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2012, kitabu cha maisha yake, Days of My Life, kilikuwa kimetolewa na Anyange Press ya Kisumu. Kilipigiwa chapa nyumbani. Kimeandikwa kwa Kiingereza.